Mke Mwenza Mwenye Masharubu

Mishi aliingia ukewenza na panya, na hakuna aliyemwambia mpaka alipojionea kwa macho yake.

Tusicheke upesi. Wapo wanawake walioletewa mwenzao mchana kweupe, na tarumbeta juu. Wapo waliomjua kwa harufu ya udi mgeni kwenye kanzu ya bwana. Wa Mishi alikuwa mweupe, anayeenea kiganjani, mwenye masikio membamba yanayopitisha mwanga, na ndani ya kifua chake mlikuwa na moyo ambao haukuwa wake. Ulikuwa moyo wa Kombo, mumewe Mishi. Ukitaka kujua wivu ni kitu gani hasa, mbali na huu unaoimbwa harusini, mtazame mwanamke aliyelala juu ya kifua cha mtu miaka yote ya ndoa yake, halafu akaambiwa kwamba kilichomo ndani ya kifua kile wanakijua wawili, na yeye si mmoja wao.

Mji wenyewe haukuwa na jina. Labda lilikuwapo zamani, watu wakaacha kulitamka kwa sauti, likanyauka. Huko ndiko alikozaliwa Kombo, na moyo unaokwenda vizuri kama wa mtu yeyote mpaka pale sauti inapomjia bila taarifa: sahani ikianguka, mlango ukibamizwa, mtu akipiga chafya nyuma yake. Hapo moyo hupoteza hatua. Hutetemeka mahali pamoja kama bakuli la uji lililotikiswa, na damu haiendi popote. Kaka yake wa kwanza alianguka ngoma ilipolia. Wa pili alianguka dada yao alipojificha nyuma ya pazia akamshtua kwa utani, na dada yule hajacheka tena. Wa tatu wakamwita Kombo, jina wanalopewa watoto ili kifo kiwadharau kiwapite.

Ndoa yao ilifungwa kwa minong'ono. Wanawake walipunga leso badala ya kupiga vigelegele, na Mishi, ambaye utotoni sauti yake iliita mbuzi wakaja kutoka mtaa wa tatu, aliikunja sauti hiyo siku ile ile akaiweka chini ya sanduku pamoja na nguo za harusi. Alizivalisha sufuria vitambaa. Alimchinja jogoo, si kwa sikukuu bali kwa kosa la kuwika. Na kwa kuwa katika nyumba hiyo hakuna aliyeruhusiwa kupiga hodi, alibuni njia yake: kabla ya kuingia alipo mumewe, aligonga mwimo wa mlango kwa vidole vitatu, akianza na kidole cha mwisho, kisha cha pete, kisha cha kati, kwa wepesi, tone likifuata tone. Kombo akijibu "karibu" kwa sauti ya chini, ndipo aingie. Kilikuwa kitu kilichozaliwa baina yao wawili, na kwa kuwa hawakuzaa kingine, Mishi alikipenda hicho.

Hawakuzaa kwa sababu Kombo alikataa. "Siwezi kumpa mtoto moyo huu," alimwambia mapema, na Mishi akalia bila sauti, akakubali. Ukipenda boga, penda na ua lake. Lakini ni nani aliyewahi kumwambia kwamba ua lenyewe litakuwa na mkia na masharubu?

*

Nyumba ya Mapigo ilikuwa mwisho wa mji, au tuseme mwisho wa mji ulisogea kila asubuhi ili uwe pale ilipo nyumba. Kombo alizoea kwenda huko, "kwenye mambo ya dawa," na Mishi hakuuliza, kwa sababu kuuliza huanza kwa upole na humalizikia kwenye makelele. Lakini mwanamume anayetoka kwa daktari harudi na uso ule. Kombo alirudi akitabasamu peke yake. Alianza kubana vipande vya mkate mfukoni. Na mchana mmoja, amejilaza kwenye jamvi, alisema usingizini, "Bibie, usiogope." Mishi hakuwahi kuitwa Bibie tangu aolewe. Akajifunga buibui, akamfuata.

Nje ilikuwa asubuhi ya jua kali. Alipovuka kizingiti ikawa usiku. Panya huamka usiku, na wakuu wa nyumba ile, ili wasikeshe wao, waliwageuzia panya siku: jua la nje likiwaka, ndani huachwa taa nyekundu hafifu, na panya huamini kiza kimeingia, wakaanza shughuli zao. Mishi alisimama mguu mmoja kwenye asubuhi na mwingine kwenye usiku, akajiuliza ni mguu gani uliokuwa ukiishi kweli na ni upi uliokuwa ukidanganywa. Akaona huenda na yeye ndani ya ndoa yake aliwashiwa taa nyekundu siku nyingi, akaamini. Watu walipita pekupeku juu ya majamvi. Hakuna aliyemuuliza anatoka wapi, maana pasipo hodi mgeni hajulikani, basi naye akaendelea kutembea.

Kwenye ukumbi alikutana na Daktari Zuwena, mwanamke mrefu mwenye sauti laini, aliyemfahamu kwa sura, akadhani ameletwa na mumewe.

"Karibu, Bi Mishi. Umekuja kumwona?"

"Kumwona nani?"

"Panya wa mumeo."

Akamweleza, polepole, kama wanavyoelezwa jamaa wa wagonjwa. Ndani ya kila chembe ya mwili wa Kombo mna maelekezo ya namna moyo unavyosukwa, na mahali pamoja ukindu mmoja umerukwa, kama kwenye mkeka. Walikinakili kipande hicho chenye kosa, wakakitia katika yai la panya, na aliyezaliwa akazaliwa na moyo unaoshtuka kama wa Kombo. Binadamu hawezi kujaribiwa dawa ambayo haijulikani, panya anajaribiwa. Tena moyo wa panya huenda mbio: Kombo akimaliza kikombe cha chai, yule mdogo ameshapiga mapigo ya saa nzima ya Kombo.

"Kwa hiyo ametutangulia," alisema daktari. "Anauishi ugonjwa wa mumeo kabla mumeo hajaufikia."

"Ni jike?"

"Ni jike."

"Na mbegu ya mume wangu imo ndani yake."

"Kwa namna ya kusema. Kipande kidogo sana."

"Mbegu ni mbegu, Daktari," alisema Mishi.

*

Wakamkalisha kwenye benchi la pembeni, kizani, karibu na daktari, mahali pa kumwona Kombo kwa ubavu. Kombo alikuwa amekaa karibu na kizimba, mgongo ameupa dirisha la kioo ambalo nyuma yake alikaa daktari na skrini yake. Alikuwa akiongea. Mumewe, mtu wa maneno ya kuhesabu, alikuwa akimsimulia panya habari za kaka zake waliokufa, za ndoto zake, za samaki aliyeliwa jana nyumbani ("mke wangu anajua kukaanga, Bibie, lakini wa jana acha tu"), na panya amesimama kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani, anamsikiliza. Mishi alijikuta anarekebisha buibui lake, kama anayetaka kuonekana vizuri mbele ya mwenziwe.

Chini ya ngozi ya Bibie walikuwa wameshona kidude mfano wa punje ya mpunga, kinachopeleka habari za moyo wake kwenye skrini. Ndugu yake wa mimba moja hakupewa dawa; kengele ilipolia alianguka ubavu, hakuinuka. Bibie alipewa dawa kwenye maji yake. Leo kengele italia kwa mara ya tatu. Kabla haijalia, daktari huwasha kitaa cha kijani ili Kombo azibe masikio kwa vifuniko vizito, kwa sababu kengele ile ingeweza kumuua na yeye. Angeweza kutoka nje kabisa, lakini hakutaka.

Kitaa kikawaka. Kombo alikwisha kuvishika vifuniko, akasita. Akanyoosha mkono, akagonga ukingo wa kizimba kwa vidole vitatu. Cha mwisho, cha pete, cha kati. Bibie akaacha kula, akajikunyata, akatulia kama mtu anayejua kinachokuja. Kombo akavaa vifuniko, na kengele ikalia. Kwenye skrini mstari ulipanda ukashuka, ukapanda ukashuka, sawasawa, bila kukosea hata hatua moja.

"Dawa inafanya kazi," alinong'ona daktari nyuma ya kioo, na macho yalimlengalenga. Kombo, vifuniko masikioni, hakuisikia furaha hiyo, wala hakuwa amemwona mkewe bado. "Tutampa na yeye. Ataishi kama watu, Bi Mishi. Atakwenda sokoni. Atahudhuria harusi."

Mishi hakuwa akisikia.

Vidole vyangu. Amempa vidole vyangu. Mbegu nitasema walimchukulia. Mkate nitasema ni mkate. Lakini kule kugonga nilikubuni mimi, mlangoni pangu, na sinia ya chai mkononi, siku niliyoogopa kumuua mume wangu kwa kumwambia nimefika. Maana yake ilikuwa nimekuja, usife. Sikumfundisha mtu. Hata mama yangu sikumfundisha. Na sasa anaambiwa huyu, nimekuja, usife, naye anajikunyata kwa raha zake kama bibi harusi. Afe. Nimesema afe. Hapana, sikusema.

Na ndani ya wivu ule ule, Mishi akaona jambo ambalo hakulitafuta. Bibie hakushtuka kwa sababu aliambiwa. Kengele ilipomfikia haikuwa tena sauti isiyo na taarifa. Taarifa alikuwa nayo, imegongwa kwa mkono wa huruma. Dawa ile huenda ilikuwa dawa, huenda ilikuwa maji ya bomba. Mara zote tatu hawakuijaribu. Walichojaribu, bila kujua, ni vile vidole vya Mishi.

*

Alirudi nyumbani akakaa na siri hiyo wiki moja, au ilikuwa mchana mmoja tu; siku za mtu mwenye wivu hupimwa kwa saa za panya. Akapika, akaosha, akagonga mwimo wa mlango, akaitikiwa "karibu," na kila alipogonga alihisi anaiga.

Akinyamaza, Kombo atakunywa maji yale, ataamini, atatoka kwenda sokoni kifua mbele, na chombo kitaanguka kwenye duka la vyombo, na yeye ataangukia hapo. Akisema, Bibie atashtuliwa kweli kweli, bila vidole vya kumtuliza, na kama dawa ni maji, atalala ubavu kama nduguye. Mishi atakuwa amemuua mke mwenzie mbele za watu, kwa mikono misafi, na watamshukuru. Ni wake wenza wangapi waliowahi kupewa nafasi kama hiyo? Alikuwa ameshamfikiria paka wa jirani. Akamwacha paka, maana kwa kazi ya paka hakuna ambaye angemshukuru.

Kilichomtesa si kuchagua. Pendo lilimwambia sema. Wivu ulimwambia sema. Laiti wangepingana, angejua ni nani wa kumsikiliza na nani wa kumfukuza. Lakini walikuja wameshikana mikono, wakasema neno moja kwa mdomo mmoja. Akajaribu kuwapembua, kama anavyopembua mchele, akatikisa ungo wa nafsi yake huku na huku, akaona chuya zina rangi ya mchele na mchele una rangi ya chuya. Ni nani huyu ndani yangu anayesema, akajiuliza, na kama sijui ni nani, je, ni mimi nitakayekuwa nimetenda? Huenda hakuna tendo jema lisilo na mkia, na watu wema ni wale tu wanaojua kuukalia mkia wao wasionekane. Akachoka kufikiri. Akajifunga buibui akaenda.

Daktari Zuwena alimsikiliza amesimama, kisha akakaa.

"Mara zote tatu?"

"Mimi nimeona moja. Lakini mume wangu akishazoea jambo haliachi."

"Basi hatujajua kitu," alisema daktari. Akajipangusa uso. "Na mimi siku zote hizi naona mgongo wake tu, nikitazama mstari." Kisha akamtazama. "Niambie ukweli, Bi Mishi. Umeyasema haya kwa kumpenda mumeo au kwa kumchukia panya?"

"Ningejua ningekwambia, Daktari."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza wao wawili kucheka, kwa pumzi tu, kama wanavyocheka watu wa nyumba ile.

Ilitakiwa sauti asiyoizoea Bibie. Kombo asiwepo, kitaa kisiwashwe, kengele isitumike. Daktari alitaja kugonga chuma, akataja kupasua puto. Mishi akasema, "Nitamwita mimi."

"Una sauti?"

"Nilikuwa nayo."

Wakampeleka chumbani wakafunga mlango. Bibie alikuwa akila kipande cha mkate, na Mishi alikitambua kile kipande, alikikata yeye mwenyewe asubuhi. Akakaa palepale alipozoea kukaa mumewe. Vidole vyake vitatu vikainuka vyenyewe kuelekea kizimbani, vimezoea, na ilibidi avishike kwa mkono wa pili akavibana mapajani. Hapo ndipo alipomwelewa Kombo kwa mara ya kwanza, naye hakupenda kumwelewa. Akavuta pumzi mpaka chini ya sanduku, mpaka kwenye nguo za harusi.

"Hodi!"

Ilitoka nzima. Ilitoka na mbuzi wa utotoni, na vigelegele alivyonyimwa, na vilio vya mtoto asiyezaliwa. Majamvi yenyewe yalikuwa kama yameruka. Bibie alirushwa juu, akaangukia ubavu, na kwenye skrini mstari ukavurugika, ukawa msitu, ukawa uji. Mishi alisimama akaushika uzio wa kizimba. Aliyeutaka moyo ule ufe aliutazama unavyotapatapa akaona ni wa nani. Hivi ndivyo kaka zake walivyokwenda, akawaza. Hivi ndivyo atakavyokwenda. "Rudi," alisema. "Rudi mwanangu, rudi." Hakujua neno hilo lilitoka wapi.

Mstari ukapiga hatua moja. Ukasita. Ukapiga ya pili, ya tatu, ukajikusanya, ukaanza kupanda na kushuka. Bibie akageuka akasimama. Nyuma ya kioo daktari alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mishi akapenyeza kidole ili amguse kichwani, kwa upole, na Bibie akamuuma mpaka damu ikatoka. Mke mwenza ni mke mwenza.

*

Wakawashtua na wengine, kwa chuma na kwa puto, na waliokunywa dawa wakasimama. Kombo akapewa yake. Aliinywa muda ule wote uliotakiwa, na daktari akampima, akamwambia sasa ni yeye na dunia. Alirudi nyumbani alasiri. Mishi aligonga mwimo kwa vidole vitatu, akangoja. Hakuitikiwa. Akaingia hivyo hivyo, akamkuta ameketi amenuna.

"Daktari kaniambia," alisema Kombo.

"Kakwambia nini?"

"Yote. Kwamba niliharibu. Nilikuwa namwonea huruma, Mishi. Najua kile anachokisubiri, hakuna mwingine anayekijua. Ningekaa vipi nisimwambie?"

"Na mimi je? Hukuniambia hata kama yupo."

"Ungenicheka."

"Kwa sauti gani, bwana? Katika nyumba hii?" Mishi alikaa chini mbele yake. "Mimi ulininyima mtoto. Ulisema huwezi kumpa mtu moyo huo. Nikanyamaza."

"Yule sikumpa mimi. Walichukua damu, wakafanya mambo yao."

"Lakini kumgongea, ulimgongea wewe."

Kombo alitazama kidole cha mkewe chenye kovu la meno ya panya. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Mishi alikifahamu vizuri mno, kwa kuwa alikuwa amekilea kifuani mwake muda wote huo.

"Ulimpigia hodi yeye."

"Ilibidi."

"Daktari anasema ukuta ulitikisika. Wale wafagiaji wanaizungumza mpaka leo, wanasema hawajasikia sauti kama ile. Watu wote wameisikia. Panya kaisikia. Mimi nimeishi na wewe, nimekula chakula chako, sijui mke wangu ana sauti gani."

Mishi alitaka kufurahi. Miezi yote ameutamani wakati huu, amwone naye anaungua kidogo. Alimtazama mwanamume huyo mzima anavyomwonea wivu panya, akakuta hana raha ya kumcheka.

"Toka nje," alisema Kombo. "Funga mlango. Uje kama wanavyokuja watu."

"Kombo. Mimi si puto."

"Nimekunywa dawa."

"Panya alianguka kwanza, ndipo akainuka."

"Najua. Nilimuuliza daktari. Toka nje, mke wangu."

Akatoka. Jua lilikuwa la alasiri pande zote mbili za mlango, hakuna taa nyekundu popote, na saa ilikuwa moja tu. Vidole vitatu vilipanda mpaka kwenye mwimo, akavishusha. Akamsikiliza yule anayesema ndani yake, kama ni huyu au ni yule, na safari hii hakusikia mtu. Alikuwa peke yake na pumzi yake.

"Hodi!"

Kunguru waliruka kwenye paa la jirani. Mtaa wa tatu, mbuzi mmoja aliitikia. Ndani kimya. Mishi aliweka kiganja kwenye mlango, na kile kilichokuwa kikigonga ubaoni ilikuwa damu ya mkono wake mwenyewe. Hodi hupigwa mara tatu, na asiyeitikiwa mara ya tatu huondoka zake. Hakuthubutu kupiga ya pili.

Ndipo aliposikia, upande wa ndani, karibu kabisa na kiganja chake, ubao ukigongwa taratibu kwa vidole vitatu. Cha mwisho, cha pete, cha kati, ili asishtuke mlango utakapofunguliwa.